Mkono wa Mwalimu Generoza

Hata wale wasiompenda Mwalimu Generoza walimkubalia jambo moja, kwamba hakuwa mwongo. Wenzake walijaza maandalio ya somo baada ya kipindi, yeye alijaza kabla. Mtoto ambaye hakuja shule aliandikwa hakuja, hata siku ambayo wageni kutoka wilayani wangepita na mkuu wa shule angependa daftari la mahudhurio lionekane limenona. Alitoka kwao Muleba miaka kumi na saba iliyopita akiwa na begi moja na cheti cha ualimu, akidhani atakaa miwili kisha aombe uhamisho. Akabaki. Mume hakupata, au alipata akamkataa, inategemea unamuuliza nani. Alifundisha Hisabati darasa la nne katika shule moja ya msingi upande wa Matongo, watoto tisini na sita katika chumba kimoja, vumbi la barabara likiingia dirishani na kutua juu ya madaftari. Kikurya chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha salamu na cha kugombeza.

Mradi wa kujitazama ulipokuja, yeye alikuwa wa kwanza kuupenda. Walimu waliitwa kwenye ukumbi mmoja pale Turwa, wakapewa chai na maandazi, na mwezeshaji, binti wa umri wa kuwa mwanawe, akawaeleza utaratibu. Unaweka simu yako dirishani, unaiacha ikurekodi kipindi kizima. Baadaye, ukiwa peke yako, unajitazama ukiwa na penseli mkononi, kisha unajaza daftari: nimemuuliza nani, nimemsahau nani, nimetoa adhabu gani. Daftari linakaguliwa, lakini video ni ya mwalimu mwenyewe. Mkuu wa shule haioni, afisa elimu haioni. Baadhi ya walimu walicheka chini chini na kusema wao wana vioo nyumbani.

Generoza hakucheka. Wiki ya kwanza aligundua kwamba anauliza "Tumeelewa?" mara thelathini na nane katika kipindi kimoja, na kwamba ile "Ndiyo mwalimu" iliyokuwa ikimfurahisha miaka yote ilitoka kwenye madawati mawili ya mbele, wengine wakichezesha midomo tu. Aliona aibu kweli. Wiki ya pili aligundua kwamba anaongea na ubao. Akajirekebisha, akaanza kutembea kati ya madawati akiuliza huku na huku, na alama za majaribio ya mwezi wa pili zikapanda. Penye adhabu aliandika "hakuna" kila wiki, maana fimbo yake alikuwa ameiacha ofisini tangu mwaka juzi, na aliandika akiwa na amani ya moyo. Huo ndio ulikuwa ukweli kama alivyoujua.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu alirekodi kipindi cha sehemu, za nusu na robo. Wiki hiyo umeme ulikatika, halafu mitihani ya majaribio ikamlundikia karatasi, kwa hiyo video ikakaa kwenye simu siku kumi bila kutazamwa.

Kesho yake, Ijumaa, mwanafunzi wake mmoja aitwaye Waisiko hakufika shule. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mkimya, dawati la tatu kando ya njia. Mama yake, Boke, alikuwa amempeleka kituo cha afya, sikio la kushoto likitoka damu. Tabibu akasema kiwambo cha sikio kimetoboka, na si kwa ugonjwa, mtoto amepigwa. Akaandika hivyo kwenye fomu ya polisi. Alipouliza nani amempiga, mtoto aliangalia chini na mama yake akaangalia ukutani.

Hakuna aliyehitaji kujibiwa. Baba wa Waisiko, Matiko, alijulikana. Alikuwa akiponda mawe ya dhahabu mashimoni, na siku akipata, alikunywa alichopata, na siku akikosa, alikopa akanywa. Majirani walishazoea kelele za nyumba ile kama watu wanavyozoea mashine ya kusaga. Jumamosi polisi wakamchukua. Walipomuuliza ya Alhamisi, Matiko alisema alirudi amelewa na hakumbuki kitu. Akaongeza kwamba kama wanasema amempiga, basi amempiga.

Aliyesema kuliko wote alikuwa Mwalimu Generoza. Mbele ya walimu wenzake alisema mtu anayempiga mtoto mpaka kumharibu sikio afungwe na ufunguo utupwe. Hakuishia kusema. Alipanda bodaboda akaenda kituoni kwa hiari yake, akamweleza Afande Sylvester alivyomwona Boke mwezi wa pili jicho limevimba, na jinsi Waisiko alivyowahi kuja shule akichechemea, akamalizia kwamba hana shaka ni Matiko aliyelitoboa sikio lile. Afande akaandika, akamsomea, naye akatia saini. Matiko akapelekwa mahabusu, na Generoza akarudi nyumbani akijiona ametenda jambo la maana.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, aliinjika maharage, akakaa kwenye kigoda upande wa nyumba wenye kivuli, akafungua video ya kipindi cha sehemu. Penseli mkononi, daftari mapajani. Alijitazama akichora duara na kuligawa. Alifurahi kuona anawaangalia watoto machoni. Alipiga vijistari kila alipomuuliza mtoto wa nyuma.

Dakika ya kumi na tisa aliingia kwenye njia kati ya madawati, chaki mkono wa kulia, akielekea nyuma ya darasa. Wakati huo huo Waisiko aligeuka kuitazama simu dirishani. Walikuwa wamekatazwa kuitazama, lakini mtoto ni mtoto. Uso wake ukajaa vizuri kwenye kioo, macho makubwa, mdomo wazi kidogo. Mwalimu wa kwenye video akasema, "Robo tatu ni kubwa." Mkono wa kushoto, ule usioshika chaki, ukainuka ukampiga mtoto sikioni kofi la kiganja kizima. Mwalimu akamalizia, "Kuliko nusu," na kuendelea kutembea. Hakugeuza kichwa. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Generoza alirudisha nyuma akatazama tena. Akatazama mara ya tatu. Alikuwa akitafuta ndani ya kichwa chake mahali ambapo kofi lile lilihifadhiwa, na hapakuwa na kitu. Alikumbuka duara, alikumbuka Felix aliyejibu vizuri, alikumbuka hata kwamba chaki ilikatika. Kofi hakulikumbuka. Maharage yaliungua chini ya sufuria na hakuyasikia. Kilichomtia hofu kuliko kofi lenyewe ni urahisi wake, kwa maana mkono unaokwenda hivyo haujaanza jana, na miaka kumi na saba ni vipindi vingi ambavyo hakuna simu iliyokuwa dirishani.

Jumatatu asubuhi alimwonyesha mkuu wa shule, Mwalimu Wangwe. Mkuu alitazama akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Madamu," alisema, "nani mwingine ameiona?"

"Wewe tu, mkuu."

"Na mimi sijaiona. Mradi wenyewe unasema video ni ya mwalimu peke yake. Ifute."

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili yake."

"Matiko? Matiko angeingia tu, kama si kwa hili kwa lingine. Mimi nina walimu sita, watoto mia saba na zaidi. Ukiondoka wewe, Hisabati ya darasa la nne anafundisha nani? Nifundishe mimi?" Alipangusa uso kwa kitambaa. "Sikutishi, Madamu. Nakuomba."

Wangwe hakuwa mtu mbaya, na hesabu yake ya walimu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkera Generoza, kwamba alitaka kukasirika na hakupata wa kumkasirikia. Mchana ule ule alikwenda kwa Boke. Alikuwa amejiandaa kupiga magoti. Alimkuta akianika mtama uani, watoto wawili wadogo wakicheza, Waisiko amekaa mlangoni na pamba sikioni.

"Shikamoo mwalimu," Waisiko alisema, akainuka na kuingia ndani bila kusubiri jibu.

Generoza alieleza yote akiwa bado amesimama. Boke aliendelea kusambaza mtama kwa kiganja mpaka alipomaliza.

"Mwalimu, mimi nilijua," alisema. "Mtoto alisema siku ile ile, amefika tu, mkono uko sikioni. Nikamwambia nyamaza."

"Ulijua? Na ukaacha wamchukue mumeo?"

"Niliacha." Boke alijifuta mikono kwenye kanga. "Tangu wamchukue nimelala usingizi siku tisa. Najua ni tisa. Hawa wadogo wameacha kukojoa kitandani. Serikali imemkamata kwa kosa si lake, lakini ya kwake yako mengi, na kwa hayo hakuna aliyekuja hapa kumkamata. Acha akae huko."

"Si unaweza kuondoka, Mama Waisiko? Ukarudi kwenu?"

"Kwetu ni Ringwani. Ng'ombe za mahari yangu zilienda kumwolea kaka yangu mke, na mke ana watoto wanne sasa. Nikirudi, hizo ng'ombe zinadaiwa. Kaka atatoa wapi?" Alivuta mkono wa gauni akaonyesha mfupa wa mkono uliounga vibaya, ukiwa na kona mahali ambapo mkono hauna kona. "Wewe ulimpiga mtoto wangu. Nilikuchukia, sikufichi. Lakini kama kofi lako limeniondolea huyu, nyamaza. Nakuomba kama mwanamke mwenzangu. Futa hiyo simu yako."

Generoza alirudi kwa miguu. Njiani alihisi kitu kifuani kikilegea, na alipokichunguza akakuta ni furaha. Ameombwa kunyamaza na yule yule aliyemkosea, nani tena angemlaumu? Akaichukia furaha ile, lakini haikuondoka kwa sababu imechukiwa. Alikula vizuri siku hiyo, jambo ambalo hakuja kujisamehe.

Huenda angenyamaza. Tusimpambe. Lakini Jumanne Afande Sylvester alipita shuleni na pikipiki, akamwita nje ya darasa akamwambia kesi itasikilizwa wiki ijayo, na yeye ndiye shahidi wa kwanza. Avae vizuri, aje na kitambulisho. Ataapa kwa Biblia, au kama ana imani nyingine aseme mapema.

"Mtoto hasemi, mama hasemi," afande alisema. "Kesi nzima ni wewe, mwalimu."

Jumatano hakuingia darasani. Alienda kituoni, akaweka simu mezani, akaifungua kwenye dakika ya kumi na nane ili Sylvester aone mwenyewe mpaka ya ishirini. Sylvester alitazama, akamwita mwenzake, wakatazama tena wawili.

"Hili kofi?" yule mwenzake alisema. "Sisi walitupiga hivi kila siku."

"Ndilo lililotoboa sikio," Generoza alisema. "Andikeni."

"Mwalimu, umefikiria?" Sylvester aliuliza kwa upole ambao hakuutegemea. "Ukishaweka saini, mimi siwezi kuirudisha."

"Nimeshaweka saini moja ya uongo kwenye meza hii. Naomba kalamu."

Ilichukua siku mbili za karatasi. Ijumaa walipomwachia Matiko, Generoza alikuwa pale kwenye benchi, ameitwa kumalizia maelezo yake. Matiko alitoka amebeba mkanda na viatu mkononi. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa meupe, macho ya mtu aliyekaa karibu wiki mbili bila kunywa. Afande alimweleza kwa nini anaachiwa, akimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekaa kwenye benchi. Matiko alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema.

"Hukuwa wewe," Generoza alisema. "Nakuomba radhi."

Matiko alikaa kwenye ngazi kuvaa viatu. Alianza kulia, bila kelele, akivuta kamba za viatu. "Mimi nilishakubali ni mimi," alisema. "Kule ndani nilikubali. Nikaapa pombe siigusi tena mpaka naenda kaburini, kwa sababu nimemharibu mwanangu. Kumbe sikuwa mimi." Alifuta pua kwa nyuma ya mkono, akainuka. Uso wake ulikuwa umepata nafuu, na nafuu ile Generoza aliitazama kwa hofu. Matiko alipita geti, akasimama barabarani kidogo, kisha akashika njia ya kulia, ya vilabuni. Ya nyumbani ilikuwa kushoto.

Barua ilimfikia Generoza Jumatatu iliyofuata. Amesimamishwa kazi kusubiri shauri la nidhamu, na la polisi litafuata mkondo wake. Aliisoma mara mbili akaikunja. Hakuna neno ndani yake aliloliona la uonevu. Wangwe alikuja kumwona, akakaa dakika tano, akasema darasa la nne wameunganishwa na la tano. Hakumlaumu kwa mdomo. Walimu wengine walianza kurekodi vipindi vyao simu ikiwa imeelekezwa ubaoni, watoto wasionekane.

Jumatano Boke akaja. Alikuja mchana kweupe, watu wanaona, mdomo wake umepasuka upande mmoja, Waisiko nyuma yake na mfuko wa rambo wenye nguo na madaftari. Generoza alimkaribisha ndani na Boke akakataa kuketi.

"Nilikuomba unyamaze," Boke alisema.

"Uliniomba."

"Ukasema. Sawa, ni ukweli, siwezi kusema si ukweli. Amerudi, na sasa hapigi kimya kimya kama zamani. Anasema alisingiziwa, nyumba nzima ilimsingizia, na mtoto huyu ndiye alikaa kimya baba yake anafungwa. Jana alimtafuta yeye. Nikasimama katikati." Aligusa mdomo. "Kesho sijui kama nitasimama vizuri."

"Mama Waisiko, unataka nifanye nini?"

"Umemrudisha wewe. Basi mtoto akae kwako."

Generoza alimtazama msichana. Waisiko alikuwa akitazama sakafu, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia, upande unaosikia.

"Kwangu? Mimi ndiye niliyempiga."

"Wewe ulipiga, ukaenda kusema. Yule miaka kumi na mbili hajawahi kwenda kusema." Boke alimsukuma mwanawe mbele kwa kiganja mgongoni, taratibu, akageuka kuondoka. Alipofika uani alisimama, akasema bila kugeuka kwamba mtoto hali dagaa, zinamtoa vipele.

Kisheria jambo lile lisingekubalika mahali popote, mtoto kulazwa nyumbani kwa mshitakiwa wake. Sylvester alisikia na hakuandika. Mwenyekiti wa kitongoji alipita akasalimia kuku, asiulize habari za mtoto. Matiko alikuja mara moja akasimama barabarani na kutukana, kisha akaondoka, kwa sababu mwalimu, hata aliyesimamishwa, bado ni mtu wa serikali na nyumba yake ni ya serikali. Boke alibaki kule na wadogo wawili, na akipita njiani na ndoo yake hutazama nyumba ya mwalimu mpaka amwone mwanawe, kisha huendelea.

Waisiko hasumbui. Anafua, anafagia, anafanya hesabu anazopewa na kuzipata nyingi. Sikio la kushoto halitasikia vizuri tena, tabibu amesema, labda apelekwe mbali. Humwita mwalimu "mwalimu", humwamkia asubuhi na jioni, na hajamuuliza kitu chochote.

Siku ile ya kwanza walikaa kula wali na maharage. Generoza alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua chumvi iliyokuwa upande wa mtoto. Waisiko aliangusha sahani, akafunika masikio yote mawili na kuinama mpaka kichwa kikagusa magoti. Hakupiga kelele. Alibaki hivyo. Generoza naye alibaki hivyo, mkono ukiwa hewani, maharage yakienea kwenye jamvi kati yao, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile alilia mpaka akakosa pumzi.

Tangu hapo hutangaza. Hukaa upande wa kulia wa mtoto ili asikike, na kabla mkono haujaondoka mahali ulipo, husema unakokwenda. Nafunga dirisha, Waisiko. Nachukua kisu, nakata vitunguu. Napita nyuma yako. Wageni wachache wanaokuja hudhani upweke umeanza kumchanganya, na yeye hawaelezi. Husema hata mambo madogo kabisa, nachukua chumvi, na Waisiko huacha kutafuna, huutazama mkono ukienda na kurudi, ukishatulia mapajani ndipo anaendelea kula.